Waya Uliokataa Kufa

Kyalo Musyoka hakufa.

Nalisema mapema kwa sababu wapo wasomaji waliomlilia wiki nzima. Tulimwacha juu ya nguzo ya umeme pale Ganda, kichwa kimeinama, mikono imelegea, amening'inia kwa mkanda wake wa kazi. Chini ya nguzo alisimama mchumba wake, Nelly Randu, fundi wa sola. Nyuma ya Nelly alisimama Kazungu mwenye kioski, ambaye ndiye aliyepaza sauti ikasikika mpaka barabarani: "Sola ya Nelly imemuua."

Haikumuua. Kama ilikuwa sola ya Nelly au la, hilo ndilo la leo.

Bwana Thuku, msimamizi wa kikosi cha kampuni ya umeme, alipanda ngazi ya mbao amevaa glavu za mpira mpaka viwikoni. Ni mtu mzito mwenye goti bovu, na alipanda akilitukana goti lake kwa sauti ya chini. Akausukuma waya kando kwa fito kavu, akamfunga Kyalo kamba kifuani, wakamshusha taratibu.

Wakamlaza kwenye mkeka, barazani kwa kina Nelly. Kiganja cha kulia kilikuwa kimeungua na ngozi imegeuka nyeupe. Nelly akapiga magoti, akatega sikio kifuani pake. Moyo ulikuwa ukidunda ovyo, lakini ulikuwa ukidunda.

Kyalo akafumbua macho.

"Nimeanguka?"

"Hukuanguka. Umeshushwa."

"Nani amewasha?"

Gari la kikosi lilikuwa limekwenda Malindi kuchukua waya mpya, na Thuku alikwisha kulipigia simu ligeuze lije limpeleke majeruhi hospitali. Kabla halijafika, alitaka kujua jambo moja.

"Fyuzi ulitoa?"

"Nilitoa. Iko mfukoni."

Thuku akatia mkono mfukoni mwa Kyalo, akaitoa fyuzi. Ilikuwa ndiyo yenyewe, ya kwenye transfoma.

"Na waya ulipima?"

Kyalo akatazama makuti ya baraza.

"Nakuuliza, Kyalo. Ulipima waya kabla ya kushika?"

"Sikupima. Fyuzi nilikuwa nayo, nikaona inatosha."

Asubuhi ile kuti la mnazi lilikuwa limeangukia laini na kuivunja, na mtaa wote ukakosa stima. Fyuzi ikishatoka, hakuna umeme wa kampuni unaoweza kuufikia waya ule. Basi uliomuunguza Kyalo haukutoka juu. Ulitoka chini, katika mojawapo ya nyumba za pale pale.

"Huu haukutoka kwetu," alisema Thuku.

Akageuka, akalitazama paa la nyumba ya kina Nelly. Watu wote wakageuka naye. Paneli zilikuwa zimelala juu ya mabati, safi, zimefutwa vumbi juzi tu.

Nelly aliijua hatari hiyo kuliko wote waliokuwa wakimtazama. Nyumba yenye sola, stima inapopotea, lazima itengwe na waya wa nje. Isipotengwa, umeme wake hutoka kupitia njia ile ile ambayo stima huingilia, ukaenda mpaka kwenye nguzo, ukamkuta mtu anayedhani waya umekufa.

"Nimeweka swichi ya kuchagua," alisema. "Ikiwa upande wa sola, upande wa stima umekatika. Haiwezi kuwa pande zote mbili. Njoo uione."

"Nitaiona baadaye. Kwanza zima kila kitu."

"Siwezi kuzima kila kitu, Bwana Thuku. Baba yuko kwenye mashine."

Kwa wale waliojiunga nasi leo: Randu Chengo, baba yake Nelly, alikata mawe katika machimbo tangu ujana wake, mpaka vumbi likafanya makao kifuani. Hospitali walimpa mashine ya kuvuta oksijeni kutoka hewani. Mashine ile hula umeme mchana na usiku, na stima ya Ganda ina tabia zake. Mara kadhaa Randu alikimbizwa Malindi akiwa midomo imekuwa buluu. Nelly alipohitimu ufundi wa sola, paa la kwanza kulifunga lilikuwa la babake. Tangu siku hiyo mzee hajakimbizwa popote.

Ulikuwapo pia mtungi wa oksijeni wa akiba. Ni wa dharura, na si wa kutegemea mchana kutwa.

Dirisha la chumba cha Randu linatazama baraza. Alikuwa amesikia yote.

"Nelly."

"Abee, Baba."

"Zima."

"Baba, mtungi hautafika mbali."

Randu huongea maneno machache, akapumua, akaongeza mengine. "Huyo aliyelala hapo ni mwana wa watu. Na Disemba atakuwa mwanangu. Kama ni umeme wangu uliomuunguza, siutaki. Zima."

Kahonzi, mkewe, hakusubiri ubishi. Aliufungua mtungi, akahamisha mpira wa pua kutoka kwenye mashine, akauchomeka kwenye mtungi. Kisha akavuta kigoda, akaketi akiutazama mshale wa mtungi.

Nelly akaenda chumba cha betri, kile kichumba kidogo kilichoshikana na jiko. Kabla hajaingia aligeuka kumtazama mchumba wake. Kyalo alikuwa akimtazama yeye. Akafungua kinywa kidogo, kisha akakifunga.

Nelly akadhani ni maumivu.

Akazima.

Mashine ya Randu ilivuma kidogo, ikashuka, ikanyamaza. Uwanja mzima ukawa kimya, maana watu walikuwa wameizoea sauti ile mpaka hawaisikii tena, na sasa wakasikia kutokuwapo kwake.

Wakasikia na kitu kingine. Kulikuwa na redio ikisoma matangazo ya vifo.

Ilitoka kwenye kioski cha Kazungu, ng'ambo ya njia. Marehemu alikuwa mtu wa Matsangoni, na mtangazaji alikuwa bado anawataja wakwe.

"Kazungu," aliita Nelly. "Redio yako yatumia betri?"

"Betri za nini? Hiyo ya kuchomeka ukutani."

"Basi kwako stima ipo."

"Ipo. Ilipotea asubuhi, ikakaa kidogo, ikarudi. Nilidhani mmekwisha kazi."

Thuku akamkaribia polepole. "Stima imerudi kwako, na wewe umesimama hapa tangu zamani ukitazama watu wakihangaika na stima."

"Hamkuniuliza," alisema Kazungu. "Hata friji yafanya kazi. Soda ni baridi, kama mwataka."

Thuku hakutaka soda. Alichukua kijiti kirefu cha kupimia umeme, akakiinua mpaka karibu na waya. Taa nyekundu ikawaka kwenye ncha. Sola ya Nelly ilikuwa imezimwa, fyuzi ya kampuni ilikuwa imetolewa, na waya ulikuwa hai.

"Si mimi," alisema Nelly.

"Si wewe," alikubali Thuku. "Au si wewe peke yako. Zaweza kuwa nyumba mbili. Hakuna kuwasha mpaka tujue."

"Na baba?"

"Basi tufanye upesi."

Njia waliyoitumia ilikuwa rahisi. Kazungu alirudi kioskini, akaongeza sauti ya redio, akaambiwa asiiguse tena. Thuku na Nelly wangeingia nyumba moja baada ya nyingine na kuzima swichi kubwa ya kila nyumba. Redio ikinyamaza, wamempata.

Wakaanza kwa mwalimu aliyestaafu. Alizima mwenyewe, kwa furaha, kwa kuwa hakuwa amewasha kitu chochote. Redio ikaendelea.

Wakaenda kwa Easter, fundi cherehani, ambaye aliwaambia wavue viatu kwanza. Wakavua. Redio ikaendelea. Matangazo ya vifo yalikuwa yamekwisha, sasa ilikuwa habari za bei ya mahindi.

Nyumba ya mpangaji mmoja ilikuwa imefungwa, lakini swichi yake ilikuwa barazani, nje. Redio haikujali.

Walifika mwisho wa laini. Hapo pana nyumba nzuri ya mawe, yenye dari ya zege iliyo tambarare na ukuta mfupi kuizunguka juu. Thuku akaipita.

"Na hii?" aliuliza Nelly.

"Hiyo acha. Ni yangu."

"Yako nayo ina swichi."

Thuku alisimama. Lazima niwaeleze hapa kwamba kazini kwake Bwana Thuku ana sifa moja anayopenda kuirudia. Husema nyumbani kwake stima haipotei. Mteja akija kulalamika kwamba Ganda hakuna umeme, Thuku humwambia yeye mwenyewe anakaa Ganda, na hajawahi kulala gizani hata siku moja. Tena husema kweli.

"Sawa," alisema. "Ili usiseme nimependelea."

Mlango ulifunguliwa na mkewe, Phoebe, ambaye pale mtaani huitwa Mama Oliver. Alikuwa na mwiko mkononi. Alipomwona mumewe saa hizo za kazi, kisha akamwona Nelly nyuma yake, mwiko ukashuka.

"Shikamoo, Mama Oliver," alisema Nelly.

"Marahaba. Kuna nini?"

Thuku alikuwa amesimama katikati ya sebule, ameinua uso. Juu yake feni ilikuwa ikizunguka.

"Stima imepotea mtaa mzima," alisema Thuku.

"Nimesikia," alisema Phoebe.

"Na hiyo feni inazunguka."

"Naona."

Thuku alikwenda kwenye kona ya ukumbi, akaishika swichi kubwa, akaishusha. Kutoka mbali, upande wa barabara, redio ya Kazungu ikakatika katikati ya neno.

Feni ya Thuku ikaendelea kuzunguka.

Alikaa akiitazama kwa muda. Kisha akaanza kupanda ngazi za kwenda juu, ambazo hakuwa amezipanda tangu goti liharibike. Hakulitukana safari hii. Nelly na Phoebe wakabaki chini wakisikiliza mguu mmoja ukikokotwa, kidato kwa kidato. Mlango wa juu ukalia.

"Phoebe," sauti ya Thuku ikaja kutoka juu. "Haya mambo yamekuwa hapa tangu lini?"

"Shuka tuzungumze, Baba Oliver."

"Nauliza tangu lini."

"Tangu mwaka juzi."

Alishuka. Alikuwa na vumbi magotini, na uso wa mtu aliyekuta wageni kitandani mwake. Akaketi kwenye ngazi ya chini kabisa.

"Mimi ni mtu wa stima," alisema.

"Najua."

"Mtaa mzima unajua. Na juu ya kichwa changu kuna sola."

Phoebe aliweka mwiko mezani. "Stima ikipotea, wewe ndiye unayeitwa. Mvua, sikukuu, mtoto akiwa na homa, unaitwa. Unarudi ikiwa imerudi. Wewe hujawahi kukaa gizani katika nyumba hii, Baba Oliver. Mimi ndiye niliyekaa. Oliver alisomea mitihani yake yote miwili kwa taa ya simu. Ningekwambia ungekataa, ungesema watu watakucheka kazini. Kwa hiyo sikukwambia."

Thuku akafikiri juu ya jambo hilo. Inaonekana alikuwa akizipitia, moja moja, siku zote alizowaambia watu kwamba kwake stima haipotei.

Nelly alikuwa na haraka. Mshale wa mtungi ulikuwa ukishuka.

"Mama Oliver, hapa hakuna swichi ya kuchagua."

"Haipo. Fundi alisema ataileta baadaye. Akaniagiza, stima ikipotea, nishushe kwanza ile kubwa kwa mkono, ndipo niwashe sola. Nimefanya hivyo siku zote."

"Na leo?"

"Leo nilikuwa na sufuria ya maharagwe mkononi." Akayatazama maharagwe yake jikoni. "Niliwasha. Nikajiambia nitaishusha ile kubwa nikishaitua sufuria. Nikasahau. Kwani kuna aliyeumia?"

Hakuwa amesikia. Nelly ndiye aliyemwambia kwamba Kyalo ameungua juu ya nguzo, na kwamba yu hai.

Phoebe aliketi ghafla kwenye kiti cha karibu. Akaufunika mdomo kwa kanga.

"Kyalo?" alisema. "Kyalo mwenyewe?"

"Kyalo gani mwingine," alisema Thuku. "Mama Oliver, nani alifunga hii sola?"

Phoebe akaivuta kanga mpaka machoni.

"Nauliza fundi ni nani. Huyo ndiye ninayemtaka."

"Ilikuwa ile wiki mliyokuwa Matsangoni mkisimamisha nguzo," alisema Phoebe, akiongea na kanga yake.

"Wiki ile hatukuwa wote. Kyalo alikuwa na malaria."

"Hakuwa na malaria."

Nelly alisikia maneno hayo, na kwanza hayakumwingia. Alikuwa bado anatazama mahali ambapo swichi ya kuchagua ingekaa. Kisha yakamwingia yote pamoja. Aliona jinsi nyaya zilivyofungwa kwa mikunjo midogo, iliyosawazishwa kwa koleo, kama yeye anavyofunga. Hakuna mwingine pale Ganda anayefunga hivyo, ila mtu aliyembebea vifaa vyake Jumamosi nyingi huku akisema anataka tu kuwa karibu naye.

"Kawashe ya babako," Thuku alimwambia, bila kumtazama.

Nelly hakukimbia. Alitembea kwa haraka sana, na watu waliompa salamu njiani hawakujibiwa.

Aliwasha. Mashine ikavuma. Kahonzi akauhamisha mpira wa pua, akaufunga mtungi. Mshale ulikuwa umeingia kwenye rangi nyekundu.

"Umebaki wa kunusa tu," alisema Kahonzi.

"Nimeuonja," alisema Randu kutoka kitandani. "Ladha ni ile ile."

Nelly alimshika baba yake mguu kwa juu ya shuka, akauachia. Kisha akachukua dawa ya kuungua na kitambaa safi, akatoka barazani, akaketi kwenye mkeka kando ya Kyalo. Akaushika mkono ulioungua na kuanza kuupaka dawa.

"Ni nyumba ya Bwana Thuku," alisema.

Kyalo hakuonyesha mshangao wowote. Nelly aliliona hilo.

"Ulijua lini?"

"Nikiwa bado juu. Kabla sijazimia."

"Kwa hiyo uliposhushwa ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na nilipokwenda kumzimia baba mashine."

"Nilijua, Nelly."

"Ulikuwa unanitazama."

"Nilikuwa nakutazama."

Aliuzungusha mkono kitambaa mara ya kwanza. Hakuvuta kwa nguvu. Ingekuwa afadhali kwa Kyalo kama angevuta.

"Sababu?"

"Bosi alikuwa amesimama hapo. Ni nyumba yake. Mke wake alinisihi asijue. Nikisema, nimefukuzwa kazi, na Disemba imefika. Nikafikiri mtungi utatosha."

"Ulifikiri."

"Ndiyo."

"Na swichi ulifikiri nini?"

"Nilifikiri nitairudia. Kila nikipata siku, stima inapotea mahali."

Nelly alimaliza kufunga. Akaipenyeza ncha ya kitambaa ndani vizuri, kama anavyofanya kazi zake zote. Aliwahi kumwambia mama yake kwamba kitu alichokipenda kwa Kyalo ni kuwa hafichi. Leo aliikumbuka siku hiyo na kuona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyedanganya.

"Usiongee nami tena leo," alisema.

Kyalo akaitikia kwa kichwa.

Gari likafika. Aliyeshuka upande wa abiria hakuwa daktari. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye kofia ngumu nyeupe na sauti ya upole, Bridgit Adhiambo, afisa wa usalama kazini kutoka ofisi ya Malindi. Alisalimia kila mtu, mmoja mmoja. Alimwamkia Randu dirishani kwa shikamoo. Akauchungulia mkono wa Kyalo, akasema atapelekwa hospitali sasa hivi, ila kwanza anataka jibu moja.

"Umeme ulitoka wapi?"

Thuku alikuwa amefika nyuma yake, na Phoebe kando yake na bakuli la maharagwe alilomletea Kyalo. Wote walitazamia aseme neno la kujificha.

"Kwangu," alisema Thuku. "Mke wangu aliweka sola bila mimi kujua. Haina swichi ya kuchagua. Imeingiza umeme kwenye laini."

Hata Kazungu alikuwa ameiacha redio yake ili asipitwe.

"Asante kwa kusema," alisema Bridgit. "Na fundi ni nani?"

Hapo Bwana Thuku alikawia. Unaweza kumsamehe mtu ambaye mkewe amefanya jambo juu ya dari asiyoipanda. Lakini kama kijana wa kikosi chake ndiye aliyelifanya, kwa ruhusa ya malaria aliyoitia sahihi yeye, hilo ni jambo jingine, na kustaafu kwake kulikuwa mwakani.

"Simjui," alisema.

"Ni mimi," alisema Kyalo kutoka mkekani.

Alikuwa ameinuka akaketi, mkono uliofungwa ukiwa kifuani.

"Ni mimi niliyefunga, Madam. Peke yangu. Niliongopa nina malaria."

"Usimsikilize," alisema Thuku kwa utulivu. "Amepigwa na stima leo asubuhi. Hajui anachosema. Na huyu binti, fundi wa sola, ni mchumba wake."

Bridgit alimtazama Kyalo, akamtazama Nelly, kisha akamgeukia Phoebe. "Mama, wewe ndiye uliyemwita fundi. Nitakuamini wewe. Ni nani?"

Phoebe alikuwa bado ameshika bakuli. Alimtazama mumewe. Thuku hakumkonyeza wala kutikisa kichwa. Alisimama tu, ameegemea mguu mzima, amezeeka kidogo kuliko asubuhi. Nadhani hicho ndicho kilichomshinda Phoebe.

"Ni huyu msichana," alisema, akitazama ndala zake. "Ni Nelly."

Kyalo alisema si kweli. Alisema mara nyingi, na kila aliposema alizidi kuonekana mtu aliyepigwa na stima.

Nelly alikuwa akimtazama Phoebe, akingoja ainue uso. Phoebe hakuinua.

"Basi ninasikitika," alisema Bridgit, na ilionekana kweli anasikitika. "Fundi aliyeacha nyumba hivyo, kila alichofunga kwenye laini yetu kinazimwa mpaka kikaguliwe. Sina njia ya kupindisha. Tuanze na hii ya hapa."

"Swichi ipo hapo ndani," alisema Nelly. "Itazame. Ukitaka, kata waya wetu wa stima pale juu. Hatuutaki. Iache sola ifanye kazi peke yake."

"Nguzo hiyo ndiyo ya ajali. Haipandwi na haiguswi mpaka uchunguzi uishe. Swichi nitaitazama nikirudi na mkaguzi, Jumatatu."

"Baba hana mpaka Jumatatu. Mtungi umekwisha."

"Tutamchukua na gari hili hili, pamoja na majeruhi."

"Gari lina oksijeni?"

Bridgit alimwangalia dereva. Dereva akatikisa kichwa.

"Ni mwendo mfupi," alisema Bridgit.

"Kwako wewe," alisema Nelly.

Akageuka, akatembea mpaka chumba cha betri. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu hakuonekana kuwa na hasira. Akaingia. Wakasikia komeo likipita kwa ndani.

Bridgit aligonga mlango kwa adabu. Akangoja. Akagonga tena.

"Nelly, tusifike huko."

"Tumeshafika, Madam," sauti ikajibu.

"Basi tutaziondoa nyaya paani," Bridgit alimwambia Thuku. "Lete ngazi."

Ngazi ilikuwa imelala uwanjani pale pale walipoiacha baada ya kumshusha Kyalo. Thuku aliifuata. Alipofika, alimkuta Kyalo ameketi juu yake. Alikuwa ametoka mkekani bila mtu kumwona, akajikokota mpaka pale, akakaa katikati ya ngazi, mkono mmoja kifuani na mwingine umeshika kidato.

"Inuka," alisema Thuku.

"Siinuki, Bosi."

"Kyalo," alisema Bridgit, "wewe ni mfanyakazi wetu. Usipoinuka, ukitoka hospitali hutakuwa na kazi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Akabaki pale pale. Jasho lilikuwa likimtoka puani, lakini alibaki.

Bridgit akatoa simu, akasogea kando ya uzio. Aliomba askari, akaeleza mahali.

"Mwambie waje na mtungi," alisema Randu dirishani.

Bridgit alisita, simu iko sikioni. Kisha akasema na hilo pia, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kitu asichoruhusiwa. Hatukusikia alivyojibiwa. Aliirudisha simu mfukoni, akavua kofia yake ngumu, akaketi kwenye ukingo wa baraza kungoja.

Kutoka nyuma ya mlango wa chumba cha betri sauti ikaita.

"Kyalo."

"Naam."

"Uko wapi?"

"Nimeikalia ngazi."

Mashine ya Randu ilikuwa ikivuma.

"Usiiache," alisema Nelly.

"Siiachi."

Kazungu, aliyekuwa akitazama barabara, akasema kwamba gari la askari limekunja kona ya kanisa, na kwamba haoni mtungi.